Hakuna meno ya plastiki: kinywa cha mtoto ni amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi hudhani mahali pake ni hospitalini tu, nalo ni meno na fizi za watoto wadogo. Mtoto ni amana aliyokabidhiwa mzazi, na amana hiyo haiishii kwenye chakula, mavazi na kumpeleka chuoni akasome Kurani. Inaingia hadi ndani ya kinywa chake. Na ndani ya kinywa hicho, katika sehemu nyingi za nchi yetu, nasi watu wa Morogoro hatumo nje, watoto wachanga wamekuwa wakiumizwa kwa jina la tiba. Tunakusudia ile imani ya kwamba mtoto huota "meno ya plastiki".

Imani yenyewe inajulikana. Mtoto wa miezi mitano, sita, hadi mwaka na nusu anashikwa na homa, anaharisha, anatapika na kukataa kunyonya. Mama au bibi akimfungua kinywa anaona ufizi umevimba pale chonge itakapoota, na una weupe kwa ndani. Hapo husemwa kwamba mtoto ameota meno ya plastiki. Wengine huyaita meno ya nailoni. Husemwa kuwa hayo ndiyo yanayoleta homa na kuharisha, na kuwa hospitali haina dawa yake. Basi mtoto hupelekwa kwa mtu anayesifika kwa kuyatoa. Mtu huyo huchukua spoku ya baiskeli iliyonolewa, au kisu, au wembe, na wakati mwingine ukucha wake mwenyewe, akapasua ufizi bila ganzi, akachokoa mpaka kikatoka kitu cheupe na laini, akamwonyesha mama: hiki hapa kilichokuwa kikimuua mwanao. Wapo pia wasiopasua, bali husugua ufizi kwa mitishamba mpaka ukachubuka.

Tuseme wazi tangu mwanzo, ili asije mtu akadhani kwamba tunajadiliana juu ya jambo lenye shaka: kitu kile si plastiki wala nailoni. Ni jino la mtoto, aliloumbiwa na Mola wake, lililong'olewa kabla ya siku yake kufika.

Mwenyezi Mungu amejaalia kwamba mtoto anapozaliwa, meno yake yote 20 ya utotoni yawe yamekwisha kuanza kuumbika ndani ya taya, chini ya ufizi. Kisha hutoka kwa zamu. Meno ya mbele huanza kuchomoza mtoto akifikia miezi 6 hivi, magego ya kwanza hufuata baada ya kutimiza mwaka, chonge hutoka kati ya miezi 16 na 22 au karibu na hapo, na magego ya mwisho hukamilika mtoto anapoelekea miaka mitatu. Chonge, kwa hiyo, hukaa ndani kwa muda mrefu, na huvimbisha ufizi miezi mingi kabla ya kuchomoza. Kwa kuwa wakati huo jino halijakomaa, likichokolewa huonekana laini na jeupe, mfano wa kipande cha plastiki. Lau angechukuliwa mtoto mzima wa afya, asiye na homa wala kuharisha, ufizi wake ukapasuliwa mahali pale pale, kitu kile kile kingetoka. Hii peke yake inatosha kuwa hoja kwa mwenye kutafakari.

Mtu anaweza kuuliza: mbona wapo watoto waliopona baada ya kutolewa meno hayo? Swali hili ni la haki, na halifai kujibiwa kwa dharau. Jibu lake liko katika umri wa mtoto. Ufizi huanza kuvimba katika miezi ile ile ambayo kinga aliyoipata kwa mama yake inapungua, ambayo anaanza kupewa uji na maji, na ambayo anatambaa na kutia kinywani kila anachookota. Uchafu huo ndio unaomharisha, na mbu ndio wanaomtia malaria. Meno yanaota wakati huo huo, lakini mambo mawili kutokea pamoja hakulifanyi moja kuwa sababu ya jingine. Tena homa nyingi za watoto na kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Anayepona siku tatu baada ya kupasuliwa angepona bila kupasuliwa, ila sifa huenda kwa mwenye spoku. Na anayekufa, husemwa kwamba alicheleweshwa kupelekwa, au kwamba ilikuwa ni ajali yake. Tiba ambayo mgonjwa akipona hupewa sifa na akifa hailaumiwi, haiwezi kamwe kujulikana kama inafaa au haifai.

Hasara yake, hata hivyo, inajulikana vema. Ya kwanza ni damu. Mtoto mchanga hana damu nyingi mwilini, na huyu aliyekwisha kudhoofishwa na malaria au kuharisha hana akiba ya kupoteza. Ya pili ni uchafu wa chuma kile, ambacho hakikuchemshwa, na pengine kimepita katika vinywa vya watoto wengine siku hiyo hiyo. Kwa njia hiyo huingia pepopunda, usaha katika mfupa wa taya, sumu ya vijidudu katika damu, na hata virusi vya UKIMWI. Ya tatu ni jino la kudumu. Karibu kabisa na kichipukizi cha chonge ya utotoni kimelala kichipukizi cha chonge ya ukubwani, ambayo huanza kukomaa mtoto akiwa na miezi minne au mitano tu. Spoku haioni. Ikimwumiza mtoto hapo, atakuja kuota jino lenye kasoro, au lililopinda, au asiote kabisa, na wala hatakumbuka ni nani aliyemfanyia hivyo.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kuchelewa. Siku mbili au tatu zinazopotea katika kumtafuta mtoaji wa meno na kusubiri mtoto apone, ndizo siku ambazo malaria inapanda kichwani na maji yanakauka mwilini. Ufizi uliopasuliwa humfanya ashindwe hata kunyonya, wakati ambapo kunyonya ndiko kungemwokoa.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Uganda hujulikana kwa jina la ebinyo, na mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, Pindborg, aliandika juu ya ung'oaji huo na kasoro za meno zinazoufuata. Liko pia Sudan, Ethiopia na Somalia, na wahamiaji wameonekana kwenda nalo hadi Ulaya. Hapa kwetu watafiti Hiza na Kikwilu walichapisha mwaka 1992 habari za watoto wa kijiji kimoja cha mbali waliokosa meno ya utotoni kwa sababu ya kung'olewa vichipukizi, na mwaka 1997 wakachapisha tena uchunguzi juu ya ung'oaji huo na usuguaji wa mitishamba, na mambo ya kijamii yanayousukuma. Hivyo basi, asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya wageni wasiotujua. Ni wataalamu wa nchi hii walioona kwa macho yao.

Dini yetu nayo haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Imepokewa na Abu Daud na wengineo kwamba Mtume (S.A.W.) alimbebesha dhamana mtu anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba. Imam Ibn al-Qayyim, alipoyaeleza hayo katika Zaad al-Ma'aad, alibainisha kwamba tabibu mjinga hulipa kwa madhara aliyoyasababisha. Aidha, ni kanuni mashuhuri ya fiqhi kwamba haijuzu kudhuru wala kulipizana madhara. Ni madhara gani yaliyo dhahiri kuliko kumng'oa mtoto jino zima kwa sababu ya ugonjwa ulio tumboni mwake au ndani ya damu yake?

Wala wasidhani wenzetu kwamba kuhifadhi jino ni fikra mpya iliyotoka ughaibuni. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu mpasuaji wa Andalusia aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kukwangua ugaga wa meno na vyombo vyake, na akaonya juu ya haraka ya kung'oa jino, kwa kuwa likiondoka halina badala yake. Ikiwa huo ndio msimamo wa tabibu Mwislamu juu ya jino la mtu mzima linalouma, itakuwaje kwa jino la mtoto lisilo na ugonjwa wowote?

Pamoja na hayo, hatutaki tahariri hii iwe fimbo ya kuwachapia akina mama. Mama anayepanda njia ya mlima usiku akiwa na mtoto mgongoni, kwenda kwa mtoaji wa meno, hafanyi hivyo kwa kukosa huruma. Anafanya kwa sababu ya huruma. Mtoaji yuko jirani, zahanati iko mbali. Mtoaji anampa ugonjwa jina analolifahamu, anazungumza naye kwa upole, na anamwonyesha kwa macho kile anachodai kuwa ni chanzo chake. Kule kwenye matibabu, wakati mwingine mama hukutana na foleni ndefu na maneno makali mbele za watu, akaulizwa kwa nini alichelewa. Akiaibishwa siku hiyo, mtoto wa pili hatamleta. Tunawaomba ndugu zetu wauguzi na waganga wa zahanati walikumbuke hili: neno jema nalo ni sehemu ya dawa.

Tena katika desturi za Waluguru, ambao ukoo wao hufuatwa kwa upande wa mama, neno la bibi mzaa mama na la mjomba lina uzito mkubwa katika malezi. Mama kijana peke yake, hata akiwa amesoma, hawezi kusimama mbele ya bibi yake na kukataa. Kwa hiyo, mafunzo yakiishia kwa mama wa kliniki tu, yatakuwa yamepita mlango usio wenyewe. Wazee wetu ndio wa kufuatwa kwanza, kwa heshima na adabu wanayostahiki, waelezwe habari ya kichipukizi na jino lake. Bibi aliyefahamu atamlinda mjukuu wake kuliko askari yeyote.

Sheria ya nchi pia imesema neno lake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto ukatili, zikiwamo mila zinazomdhuru mwili na akili. Na tiba asili ina sheria yake ya mwaka 2002 na Baraza lake. Waganga wa jadi waaminifu, nao wapo, wana maslahi ya kuwa wa kwanza kuukana upasuaji huu, ili jina lao lisichafuliwe na wenye spoku. Maneno haya yanaihusu pia ile desturi ya kukata kimeo, ambayo ni ndugu yake: kiungo kizima kinakatwa kwa sababu ya kikohozi kilicho kifuani.

Basi mzazi afanye nini mtoto anaposhikwa na homa wakati wa kuota meno? Ajue kwamba kuota meno huweza kumletea mtoto udenda, kutaka kuuma vitu na kukosa raha kidogo. Hakumletei homa kali wala kuharisha kwa siku nyingi. Akiwa na homa, apelekwe kupimwa malaria siku hiyo hiyo. Akiharisha, aendelee kunyonyeshwa, apewe maji ya ORS yaliyochanganywa kwa maji safi kama maelezo ya pakiti yanavyosema, na apatiwe vidonge vya zinki kutoka zahanati. Na ikiwa hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amepatwa na degedege, au amelegea na haamki vizuri, hiyo si hali ya kungojea kesho.

Na chonge hiyo iachwe ichomoze, kisha itunzwe pamoja na wenzake. Watu wengi husema kwamba meno ya utotoni hayana haja ya kutunzwa kwa kuwa yatang'oka. Hili ni kosa. Meno hayo ndiyo yanayomtafunia mtoto chakula katika miaka anayokua kwa kasi, ndiyo yanayomsaidia kutamka herufi, zikiwamo herufi za Kurani anapoanza chuo, na ndiyo yanayoyashikia nafasi meno ya ukubwani. Magego ya nyuma ya utotoni hukaa mpaka mtoto akiwa na miaka 10 hadi 12. Jino la kutumika miaka kumi si la kupuuzwa.

Utunzaji wake si mgumu. Kabla meno hayajatoka, fizi zipanguswe kwa kitambaa laini na safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa. Jino la kwanza likichomoza, litumike burashi dogo laini, mara mbili kwa siku, na mara iliyo muhimu zaidi ni ile ya usiku kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto asiyetimiza miaka mitatu, na kiasi cha punje ya njegere kuanzia hapo hadi miaka sita. Mzazi ndiye wa kupiga mswaki, au kusimamia kwa karibu, mpaka mtoto afikie miaka saba hivi, kwa maana mkono wake kabla ya hapo haufiki kila mahali. Ufizi ukivuja damu unapopigwa mswaki, dalili hiyo kwa kawaida ni ya ukoga uliokaa; dawa yake ni kusafisha kwa upole zaidi, wala si kuacha. Lakini kidonda katika ufizi chenye harufu mbaya, hasa kwa mtoto aliyedhoofu kwa utapiamlo au aliyetoka kuugua surua, kipelekwe hospitali haraka. Huenda ukawa ni mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula uso, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwezi Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Kisha iko sukari. Mkoa wetu ni mkoa wa miwa. Viwanda vya Kilombero na Mtibwa viko kwetu, na riziki za watu wengi zimo humo. Hatusemi sukari ni haramu. Tunasema vijidudu vya kinywani huila sukari na kutoa tindikali inayoyeyusha ganda la jino, na kwamba kinywa huhitaji muda ili mate yalirekebishe jino hilo. Mtoto anayekula kitu kitamu mara moja pamoja na chakula humpa jino lake nafasi ya kupona. Yule anayetiwa pipi mkononi kila anapolia, au anayelazwa na chupa ya uji wa sukari mdomoni, hampi nafasi hiyo. Uji wa mtoto mchanga hauhitaji sukari. Ladha hiyo sisi ndio tunaomfundisha. Na jino likitoboka, si lazima ling'olewe. Iko mbinu ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono na kuliziba, bila mashine ya umeme, ambayo majaribio yake ya mwanzo yalifanyika hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980.

Na sisi Waislamu tuna hazina ambayo tumeitupa. Neno mswaki lenyewe limetokana na siwaki. Mtume (S.A.W.) aliupenda hata akaeleza kwamba lau si kuchelea kuwatia umati wake mashakani, angewaamrisha kuutumia katika kila Swala, na katika maradhi yake ya mwisho aliutumia kwa msaada wa Bibi Aisha (R.A.). Shirika la Afya Duniani nalo limehimiza mti huo utumiwe pale ulipo desturi. Hapa Morogoro, katika miaka ya 1984, 1986 na 1988, wataalamu waliwapima watoto ukoga, ugaga na kuvuja damu kwa fizi, pamoja na aina ya mswaki wanaoutumia. Mkubwa autumie mti huo mbele ya watoto, kwa kuwa mtoto huiga kabla ya kufahamu. Mdogo apewe burashi laini mpaka ufizi wake ukomae.

Kwa kumalizia, tunatoa wito kwa maimamu na kamati za misikiti, kuanzia za mjini hadi za vijiji vya Mgeta, Matombo na Kinole, watenge japo dakika chache baada ya Swala ya Ijumaa, wamwite mtaalamu wa kinywa na meno au mganga wa zahanati, na azungumze na akina baba. Walimu wa madrasa waangalie vinywa vya wanafunzi wao kama wanavyoangalia udhu wao. Na wewe, ndugu msomaji, ukisikia kwa jirani kwamba mtoto ana meno ya plastiki na kesho anapelekwa kutolewa, usiseme hayanihusu. Nenda jioni hiyo hiyo, bisha hodi, toa salamu, na uwasindikize zahanati. Huenda kwa hatua zako hizo Mwenyezi Mungu akaiokoa nafsi moja, na malipo ya kuiokoa nafsi moja tunayajua sote.

Wabillahi tawfiq.